Umande, si Maji ya Mgando

Kijitabu cha kiyoyozi kilichonifikia majuzi kimeandikwa kwa Kiswahili, na hilo ni la kupongezwa, hadi ufike panapotajwa "bomba la maji ya mgando". Mgando! Kinachoganda ni barafu, ni damu, ni samli wakati wa baridi. Na kwenye maduka yetu cha mgando ni maziwa. Maji yanayochuruzika ndani ya kiyoyozi hayajaganda hata kidogo. Ni mvuke wa hewani uliogusa koili baridi ukawa maji.

Kosa hili lina madhara, maana kiyoyozi kinaweza kugandisha kwelikweli. Gesi ikipungua, au filta ikijaa vumbi, koili huvaa barafu. Barafu ikiyeyuka, maji humwagika ukutani. Sasa anayesoma "maji ya mgando" atafute barafu au azibue bomba?

Neno tunalo, nalo ni umande. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, hali ya kawaida Dar es Salaam au Mombasa, huanza kutoa maji ikipozwa hadi nyuzi 25 hivi, na koili huwa baridi kuliko hapo. Kinacholowesha majani alfajiri ndicho kinacholowesha koili. Tena mabaharia wa pwani huita umande ule upepo wa asubuhi utokao bara kwenda baharini: ubaridi, upepo na maji vyote vimo katika neno moja. Na neno lingali hai vinywani, kwani hadi leo asiyepitia shule huambiwa alikimbia umande. Nililipendekeza mbele ya jopo fulani la istilahi, likakataliwa kwa hoja kwamba ni neno la washairi. Sijaona bado sheria inayowanyima washairi fizikia.

Wengine hushikilia "mtonesho" wa vitabu vya shule. Nauheshimu, lakini unataja tone linapodondoka, ilhali koili hulowa kwanza ndipo idondoshe. Tena kutonesha, kwa wengi wetu, ni kugusa kidonda kikauma upya.

Basi tuseme maji ya umande, trei ya umande, bomba la umande. Kwa mwenye kiyoyozi kinachovuja: zima umeme, osha filta kila wiki mbili tatu, zibua bomba la umande lililojaa utando, na hakikisha linateremka moja kwa moja bila kupanda popote. Ukiona barafu, acha feni peke yake iiyeyushe, kisha mwite fundi apime gesi.

Nimewaandikia wachapishaji wa kijitabu kile kuwaomba wafute "mgando" katika toleo lijalo. Wamejibu kwamba istilahi hiyo imeidhinishwa na wataalamu, bila kusema ni wataalamu gani.