Mtu ni Afya: Lugha Iliyomketisha Mtu Mzima Darasani

Malenga wenzangu, nataka tuitazame sentensi ya maneno matatu: Mtu ni Afya. Haina amri ndani yake, wala haina lazima. Mwaka 1973 sentensi hiyo ilisikika kutoka Redio Tanzania Dar es Salaam kwa muda wa wiki 12, na watu wazima wapatao milioni 2, wengi wao wakaao vijijini, wakakusanyika katika vikundi kuisikiliza. Viongozi wa vikundi hivyo waliopewa mafunzo walikuwa kama 75,000. Tunapoandika historia ya Kiswahili cha miaka ile, kwa kawaida tunataja riwaya, diwani na hotuba. Mimi naona kampeni hii nayo ni sura ya historia ya lugha yetu, na inastahili kusomwa na washairi.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Kikundi kilikaa penye redio, kikasikiliza kipindi. Kisha mmoja akasoma kijitabu kwa sauti ili wasiojua kusoma nao wapate. Kisha watu wakajadiliana. Mambo yalikuwa malaria, kuhara damu, safura, kichocho, kifua kikuu. Mwisho wa mjadala hapakuwa na mtihani. Kikundi kiliamua kitende nini: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka kandokando ya nyumba, kufukia madimbwi, kuchemsha maji ya kunywa. Kiongozi wa kikundi hakutakiwa awe mwalimu mwenye majibu yote. Kazi yake ilikuwa kuuliza na kuwaachia wenzake neno.

Kampeni hiyo ilikuwa na ndugu zake. Mwaka 1970 palikuwa na Uchaguzi ni Wako. 1971, taifa lilipotimiza miaka kumi ya uhuru, ikaja Wakati wa Furaha. 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, na 1980 Misitu ni Mali. Hesabuni mizani: hakuna hata moja inayofika nane. Hata hivyo sikio la Mswahili huzipokea kama vitu vilivyokwisha kusemwa zamani, kwa kuwa nyingi kati yake zimejengwa kwa umbo la methali: jina, kisha ni, kisha jina. Misitu ni Mali imekaa ubavuni mwa Akili ni mali, na Mtu ni Afya imekaa ubavuni mwa Mtu ni watu. Aliyezitunga alijua, au alihisi tu, kwamba mtu mzima haambiwi "fanya hivi" kama mtoto. Anapewa kauli, aizungushe kinywani, aikubali au aikatae.

Na neno mzima lenyewe! Katika Kiswahili mtu mzima ni aliyekomaa kwa umri, na ni yule ambaye hajambo, na ni asiyepungukiwa na kitu. Elimu ya Watu Wazima, kwa masikio yangu, ni jina lililobeba heshima tangu mwanzo.

Kisa chenyewe kilianza mapema zaidi. Mwaka 1964, alipokuwa akieleza Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alisema kwamba hatuna budi kuwaelimisha watu wazima kwanza, kwa kuwa elimu ya watoto itachukua miaka mingi kabla haijagusa uchumi. Machi 1967 akatoa Elimu ya Kujitegemea, iliyohusu zaidi shule. Mkesha wa mwaka 1970 ndipo alipoutangaza mwaka ule kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kandokando ya Ziwa Victoria kulikuwa kumekwisha kuanza, mwaka 1968, mradi uliosaidiwa na UNESCO wenye makao yake Mwanza. Huko ndiko kisomo chenye manufaa kilikopata sura: vitabu vya kujifunzia kusoma vilihusu pamba, ndizi, uvuvi, ufugaji. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kutoka katika neno alilokuwa nalo mikononi tangu utotoni. Sioni njia bora zaidi ya kumfundisha mtu kusoma.

Mitaani jina lililoshika halikuwa lile la heshima. Watu walisema ngumbaru, na ngumbaru alikuwa mtu mzima asiyejua kusoma, kisha likawa jina la darasa lake. Ni neno lenye mwiba. Bibi yangu mzaa mama alisoma ngumbaru chini ya mwembe, na hadi uzeeni alilitaja kwa kicheko, kama atajaye utani wa ukweni. Alichokipenda kuliko vyote ni kujisomea mwenyewe jina la kanga kabla hajalipa. Zamani muuza duka ndiye aliyemsomea, naye hakumwamini hata siku moja. Kanga ikiwa na matusi utaivaaje harusini?

Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba wakati wa sensa ya 1967 watu wazima kama thuluthi mbili hawakujua kusoma. Mtihani wa kitaifa ulipofanywa Agosti 1975, waliobaki bila kisomo walihesabiwa kuwa asilimia 39. Katikati ya miaka ya 1980 wakasemwa kuwa chini ya 10. Mwaka huohuo wa 1975 vilianzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano ulioletwa kutoka Sweden, ambako mtu mzima aliweza kujifunza useremala, ushonaji au ufugaji bila kuulizwa cheti. Kisha uchumi ukaanguka, karatasi na mafuta ya taa vikaadimika, madarasa yakafungwa. Sensa ya 2002 ilikuta wanaojua kusoma na kuandika ni karibu asilimia 70. Kisomo kisichopata cha kusomwa hufifia, na wenye mradi wa Mwanza walilitambua hilo mapema: mwaka 1974 waliwatolea wahitimu wao gazeti la vijijini wakaliita Elimu Haina Mwisho.

Sasa nije kwetu washairi. Mwaka 1968 Mwalimu aliwaita washairi na kuwataka wasaidie kuieneza maana ya Azimio la Arusha. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, aliitika kwa ngonjera, na chama cha UKUTA kikazieneza. Ngonjera ni mashairi ya majibizano: mmoja hajui, au anapinga, mwingine anajua, wanashindana kwa hoja hadi asiyejua akubali. Kwa nje inafanana mno na kikundi cha Mtu ni Afya. Kwa ndani sivyo. Katika ngonjera mshairi amekwisha kuamua nani atashinda kabla beti ya kwanza haijatamkwa. Katika kikundi, bibi kizee angeweza kusema kwamba choo kikichimbwa pale maji ya kisima yataharibika, na ikawa yeye ndiye mwenye haki, kijitabu kikapata aibu. Nampenda Mnyampala kwa ufundi wake wa vina, lakini katika jambo hili kikundi kiliitunza hadhi ya mtu mzima kuliko shairi letu lilivyoitunza.

Waliotunga ngonjera zile waliwakusudia watu wazima wa taifa jipya. Leo ukitaka kuisikia, nenda kwenye sherehe ya shule: watoto waliovaa sare wanasimama juani mistari miwili, wanajibizana kwa vidole vilivyoinuliwa, na watu wazima wamekaa vitini chini ya turubai, wanapiga makofi.