Mabano ya mraba katika Biblia ya Union

Katika nyumba nyingi za Kigera, Musoma, Biblia ya Union ina mahali pake pa heshima: juu ya kabati, au ndani ya mkoba wa zipu unaobebwa kwapani kwenda kanisani. Atakayeifungua kwenye Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 5, atakuta maneno kuhusu mashahidi watatu. Na katikati ya maneno hayo kuna alama mbili ndogo ambazo jicho huzizoea na kuzipita. Ni mabano ya mraba. La kwanza linafunguka kabla ya neno “mbinguni”, la pili linajifunga baada ya neno “duniani”. Ndani yake ndimo wanamotajwa Baba, Neno na Roho Mtakatifu kuwa ni umoja.

Si kosa la mpiga chapa. Wafasiri wa Biblia hiyo, iliyokamilika mwaka 1952, waliyaweka mabano kumweleza msomaji jambo moja: maneno haya mmeyazoea, lakini hayamo katika nakala za kale za Kigiriki. Kwa zaidi ya miaka 70 taarifa hiyo imekaa mikononi mwa waumini wa mkoa wa Mara, na mara chache imewahi kusikika ikielezwa mimbarini.

Mwaka 2025 Wakristo duniani waliadhimisha miaka 1,700 tangu Mtaguso wa Nikea, uliokaa mwaka 325 na kutamka kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Maadhimisho hayo yanarudisha swali linaloulizwa kwenye mihadhara, mwaloni na kwenye makundi ya simu: je, imani kwamba Yesu ni Mungu ilipachikwa katika Maandiko baadaye? Anayelijibu swali hilo kwa haki hana budi kuanza na yale mabano.

Historia ya Biblia ya Kiswahili yenyewe inafahamika. Johann Ludwig Krapf alianza kufasiri Mwanzo mjini Mombasa mwaka 1844, na msaidizi wake, jambo ambalo wengi hawakuambiwa, alikuwa kadhi wa mji huo, Ali bin Modehin, kama Krapf alivyoliandika jina lake. Kazi iliyoanzishwa Zanzibar na Askofu Edward Steere ikazaa Biblia nzima ya Kiunguja mwaka 1891. Ya Kimvita ikafuata mwaka 1914, ya Karl Roehl mwaka 1937, kisha Union ikaziunganisha lahaja.

Lakini aya ya mabano ina safari ndefu kuliko zote hizo. Bruce Metzger, bingwa wa Kimarekani wa nakala za Agano Jipya aliyefariki mwaka 2007, aliisimulia kwa kirefu, na makala haya yanamfuata.

Mwaka 1516, mjini Basel, mwanazuoni Erasmus wa Rotterdam alitoa Agano Jipya la Kigiriki lililochapwa na Johann Froben. Kitabu kilitoka mbio mbio. Erasmus alikuwa na nakala chache tu za mkono, nyingi za karne za karibuni. Nakala yake ya Ufunuo ilikuwa imekatika ukurasa wa mwisho, naye akazichukua aya za Kilatini na kuzirudisha mwenyewe katika Kigiriki! Hata hivyo penye waraka wa Yohana alikuwa mwaminifu: hakuona mashahidi wa mbinguni katika nakala yoyote ya Kigiriki aliyokuwa nayo, basi hakuwaweka.

Moto ukawaka. Kanisa la Magharibi lilikuwa limeisoma aya hiyo kwa Kilatini kwa mamia ya miaka, na watu walishangaa kuiona haipo. Mwingereza Edward Lee, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa York, alimshambulia kwa maandishi. Kule Hispania akainuka Diego López de Zúñiga, ambaye wasomi humwita Stunica, akidai kwamba Wagiriki ndio walioharibu vitabu vyao. Kuiacha aya hiyo, walisema wapinzani, ni kumfungulia mlango Arius, yule kasisi wa Alexandria aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa. Erasmus aliwajibu kwamba alichapa alichokiona. Toleo la pili, la mwaka 1519, nalo likatoka bila aya hiyo.

Ndipo ikajitokeza nakala moja kutoka Uingereza. Leo iko Chuo cha Trinity, Dublin, na inaitwa Codex Montfortianus. Ilikuwa na aya iliyotafutwa, lakini nakala yenyewe iliandikwa karibu mwaka 1520, wakati ugomvi umekwisha kupamba moto. Erasmus hakuficha shaka yake kwamba ilikuwa imerekebishwa ifuate Kilatini. Hata hivyo, katika toleo la tatu la mwaka 1522 aliiingiza aya ile, akaandika kwamba anafanya hivyo asipate mtu sababu ya kumsingizia.

Kwa muda mrefu ilisimuliwa kwamba Erasmus alikuwa ameweka ahadi: nileteeni nakala moja tu ya Kigiriki, nami nitaichapa. Hadithi tamu, na Metzger naye aliisimulia. Mwaka 1980 msomi wa Leiden, Henk Jan de Jonge, alizipitia upya barua na majibu ya Erasmus, akaonyesha kwamba ahadi hiyo haimo. Metzger akaweka sahihisho katika toleo lililofuata la kitabu chake. Hivyo ndivyo mwanazuoni anavyopaswa kufanya, na ni mfano mzuri kwa wahubiri wa pande zote wanaorudia walichokisikia bila kurudi kwenye chanzo.

Kutoka kwa Erasmus aya ikaingia katika Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James ya mwaka 1611, na kupitia mapokeo hayo ikazoeleka hata kwa wamisionari waliokuja huku. Wasahihishaji wa Biblia ya Kiingereza wa mwaka 1881 waliiondoa kimyakimya. Wafasiri wa Union, miaka 71 baadaye, hawakuiondoa wala hawakuiacha wazi. Waliifunga kwa mabano. Walifanya vivyo hivyo penye Matendo 8:37, maneno ya Filipo na towashi Mwethiopia, na penye habari ya mwanamke mzinzi katika Yohana sura ya 8.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni hili: Nikea ilipigania Uungu wa Kristo bila aya hiyo. Athanasius, mtetezi mkuu wa tamko la Nikea, aliandika vitabu na vitabu dhidi ya wafuasi wa Arius, na hakuna mahali alipowapiga kwa aya hii, ambayo ingemaliza ubishi kwa sentensi moja. Hakuitumia kwa sababu haikuwamo katika Biblia yake. Aya ambayo leo mtu akiikosa hudhani Utatu umeanguka, haikuwapo Utatu ulipokuwa ukitetewa.

Basi imani ile ilisimama juu ya nini? Jibu limetoka katika mchanga wa Misri, bara letu hilihili, ambako ukame ulihifadhi karatasi za mafunjo. Kipande kinachotajwa sana kimo katika maktaba ya John Rylands, Manchester. Kilinunuliwa Misri mwaka 1920 na kutambuliwa na C. H. Roberts, aliyekichapisha mwaka 1935. Urefu wake ni karibu sentimita 9 na upana 6, kimezidi kidogo tu kitambulisho cha NIDA. Upande mmoja una maneno ya Yohana sura ya 18, Yesu akiwa mbele ya Pilato, na upande wa pili mazungumzo yaleyale yakikaribia swali la Pilato kuhusu kweli. Wataalamu wengi hukiweka karne ya 2.

Kipande hicho kidogo hakithibitishi Uungu wa mtu yeyote, na ni vibaya kukitumia hivyo. Kinachobeba uzito zaidi ni vitabu vya mafunjo vya Bodmer na Chester Beatty. Viwili vya Bodmer vina mwanzo wa Injili ya Yohana, pale Neno anapoitwa Mungu, bila mabano na bila shaka yoyote. Kimoja cha Chester Beatty kina barua za Paulo, pamoja na sura ya 2 ya Wafilipi, inayomsema Kristo kuwa alikuwa na namna ya Mungu kabla ya kujinyenyekeza. Wengi huviweka karibu mwaka 200, ingawa wapo wanaovisogeza vile vya Bodmer hadi karne ya 4. Na kuna shahidi asiye Mkristo: karibu mwaka 112 Pliny, liwali wa Kirumi wa Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajan kwamba watu hawa hukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu. Hiyo ni miaka zaidi ya 200 kabla ya Nikea.

Hayo hayafuti mabadiliko yaliyotokea. Katika 1 Timotheo 3:16 Union inasema kwamba Mungu ndiye aliyedhihirishwa katika mwili. Nakala za kale zaidi zina neno “ambaye”. Tofauti kati ya maneno hayo mawili katika uandishi wa Kigiriki wa zamani ni vistari tu: kimoja ndani ya herufi ya kwanza, kingine juu ya neno kuonyesha kwamba limefupishwa. Mnakili mmoja aliyechoka, au aliyetaka kusaidia imani yake, alitosha kuligeuza. Hapo Union haikuweka mabano. Biblia ya Habari Njema, tafsiri ya mwaka 1995, imefuata nakala za kale. Zaidi ya nakala 5,000 za Kigiriki zinajulikana leo, na kwa sababu zimetofautiana ndiyo maana kosa la moja linaonekana kwa kulinganisha na nyingine.

Nchini Tanzania suala hili lilitoka maktabani likaingia viwanjani. Ahmed Deedat, mhubiri wa Kiislamu wa Afrika Kusini, aliichukua 1 Yohana 5:7 kuwa mfano wake wa aya iliyoondolewa na Wakristo wenyewe, na vijitabu vyake vilisambaa. Katika miaka ya 1980 wahubiri Musa Fundi Ngariba na Mohammed Ali Kawemba walizunguka na Biblia mkononi, na mwaka 1987 wakatoa kitabu cha “Uislamu katika Biblia”. Wakristo nao wakajibu kwa mikutano yao. Vipaza sauti vikashindana.

Mwaka 2001 mhubiri wa Kiislamu, Hamisi Rajabu Dibagula, alitiwa hatiani na mahakama ya wilaya ya Morogoro na kupewa kifungo cha miezi 18. Kosa lilikuwa kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za wengine: alisema hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Mahakama Kuu ilimpunguzia adhabu akatoka, lakini ikaacha hatia palepale. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Barnabas Samatta, iliifuta hatia yenyewe, ikikumbusha uhuru wa dini uliomo katika ibara ya 19 ya Katiba. Mtu ana haki ya kutangaza anachokiamini, hata kama jirani yake hakipendi. Ulikuwa uamuzi sahihi. Mkristo anayeijua Biblia yake hahitaji askari polisi kumjibu mhubiri, anahitaji kufundishwa.

Kufundishwa huko ndiko kunakokosekana, ingawa katika hilo Mara ina sifa ya kujivunia. Nyegina, si mbali na Kigera, ilifunguliwa na Mapadri Weupe mwaka 1911, na hapo ndipo Julius Nyerere alipobatizwa tarehe 23 Desemba 1943. Alipostaafu na kurudi Butiama, alizigeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, zilizochapwa Ndanda mwaka 1996. Alifasiri pia sehemu za Maandiko kwa Kizanaki. Kiongozi wa nchi alikaa na mwanzo wa Injili ya Yohana akipima vina na mizani, huku parokia na sharika nyingi zenye ratiba ya semina kila mwezi zikikosa hata saa moja ya kueleza nakala za Biblia zilikotoka.

Kati ya lugha za Mara, Kijita kilipata Agano Jipya miaka ya 1940. Tangu katikati ya miaka ya 2000 wafasiri wamekuwa wakifanya kazi pamoja Musoma katika lugha kadhaa za mkoa, zikiwamo Kizanaki, Kiikizu na Kingoreme. Kila timu inapofika 1 Yohana 5 inalazimika kuamua lilelile walilogombania Erasmus na Stunica: kuandika, kuacha, au kufunga mabano.

Habari Njema iliacha aya hiyo. Tangu mwaka 2009 kurasa za Codex Sinaiticus, nakala ya ngozi ya karne ya 4 ambayo nayo haina aya hiyo, zinaonekana bure kwenye intaneti, na mwenye simu ya kawaida yenye data anaweza kuzitazama akiwa Kigera.

Makatekista na wachungaji wanaoandaa vipindi vya kipaimara mwaka huu wanaombwa wachukue Biblia ya Union na Habari Njema, wazifungue mbele ya vijana kwenye 1 Yohana 5, na wawaonyeshe yale mabano kwa kidole.