Askari na Wapagazi Wasioandikwa Majina

Tunapoadhimisha miaka 100 ya Usharika wetu, yatupasa kukumbuka kwamba Injili ilikuwa bado changa katika nchi ya Buhaya vita vilipoingia. Wamisionari wa Betheli walifika mwaka 1910. Miaka mitano baadaye, tarehe 22 na 23 Juni 1915, majeshi ya Waingereza yaliyovuka Ziwa Viktoria kutoka Kisumu yaliuteka mji wa Bukoba, yakabomoa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani, na mji ukaporwa.

Pande zote mbili zilikuwa na askari Waafrika. Waingereza walikuwa na King's African Rifles, jeshi ambalo wananchi waliliita Keya. Majeshi yote mawili yaliongozwa na Wazungu. Chini ya askari walikuwapo wapagazi, ambao kwa Waingereza peke yao walikaribia milioni moja katika vita vile. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara damu na malaria. Jina la kikosi chao limebaki Kariakoo, Dar es Salaam.

Vita vya pili vilipotokea, vijana wa Tanganyika walipigana Uhabeshi, Madagaska mwaka 1942 na Burma mwaka 1944. Risasi hazikubagua rangi, lakini jeshi lilibagua. Mwafrika, hata awe hodari namna gani, alikomea kwenye usajini-meja. Uafisa ulikuwa wa Mzungu. Mshahara, chakula na mavazi vilipangwa kwa rangi, na viboko vilikuwa adhabu ya Mwafrika. Hata kiinua mgongo kilipimwa hivyo: nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zaonyesha kuwa askari wa kawaida Mzungu aliyeishi katika koloni alistahili shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, na Mwafrika shilingi 3 na nusu.

Ubaguzi huo uliwafuata hadi kaburini. Mzungu aliyeanguka katika vita vya kwanza aliwekewa jiwe lenye jina lake; Waafrika wengi walipewa sanamu ya pamoja, kama ile ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, isiyo na jina hata moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi, ikikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Radhi hiyo ni njema, lakini haiwezi kutuletea majina. Majina yamo katika nyumba zetu, Bukoba na Muleba, vinywani mwa wazee wanaozidi kupungua. Basi kila familia iliyotoa askari au mpagazi na iandike jina lake, kijiji chake na mahali alikokwenda, wajukuu wetu wasije wakarithi sanamu isiyo na jina.