Kobe wa Vinamasi vya Perth: Kurudishwa au Kuhamishwa?

Historia ya kobe wa vinamasi wa Australia Magharibi inaonyesha jinsi maana ya uhifadhi ilivyobadilika. Ingawa kobe huyu alipewa jina la kisayansi mwaka 1901, wanasayansi hawakujua makazi yake hadi mwaka 1953, alipopatikana karibu na Perth. Mwaka 1962 zilitengwa hifadhi mbili, Ellen Brook na Twin Swamps, kwa imani kwamba kulinda ardhi kungetosha. Haikutosha. Kufikia miaka ya 1980 walibaki chini ya 50, ndipo bustani ya wanyama ya Perth ikaanza kuwazalisha na kuwarudisha vinamasini.

Hata hivyo, tangu miaka ya 1970 mvua zimepungua. Vinamasi hukauka kabla watoto wa kobe hawajakua vya kutosha kuvumilia kiangazi. Kwa hiyo mwaka 2016 kobe wachanga 24 walipelekwa kusini kabisa mwa jimbo, nje ya makazi yao ya asili.

Wapo wanaohofia kwamba mgeni huweza kuvuruga viumbe wenyeji. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu walianza na wachache. Lakini kumrudisha kobe kwenye kinamasi kinachokauka ni kuhifadhi mahali na kumpoteza mnyama mwenyewe.