Daktari Atiman na sadaka isiyodai chenji

Ndugu msomaji, siku hizi huwezi kukaa wiki mbili kwenye mji wowote wa Tanzania, Sumbawanga ikiwemo, bila kusikia mahubiri ya "kupanda mbegu". Toa laki moja, Mungu atakurudishia milioni. Watu wanatoa nauli, wanatoa ada ya mtoto, halafu wanakaa kusubiri. Wapo wanaosubiri mpaka leo.

Leo sitaki kumsema mhubiri yeyote. Nataka turudi nyuma kwenye historia yetu wenyewe, maana watu wa Rukwa tuna mfano mzuri wa mtu aliyetoa na kumtegemea Mungu bila kupiga hesabu ya faida. Jina lake lipo mjini Sumbawanga, kwenye hospitali ya Kanisa Katoliki ambayo wengi wetu tunaiita kwa Dokta Atman. Tunapita pale, tunatibiwa pale, lakini ni wangapi tunajua huyo Atman, au Adrian Atiman, alikuwa nani?

Hakuwa Mfipa. Hakuwa Mtanganyika wala Mzungu. Alizaliwa miaka ya 1860 karibu na mto Niger, jirani na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto mdogo alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko wamisionari wa shirika la White Fathers, lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868, walimnunua ili awe huru. Wakamsomesha, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta kusomea udaktari.

Hapo tusimame kidogo. Fedha ya kumkomboa mtoto kama huyo ilitoka wapi? Shirika liliishi kwa michango ya waumini wa Ulaya, na wengi wao walikuwa watu wa kawaida tu. Mtu alitoa senti zake kwa ajili ya mtoto ambaye hatamwona maishani, wala hatarudishiwa chochote. Mwaka 1888 Lavigerie alizunguka Paris, London na miji mingine akihubiri dhidi ya biashara ya utumwa. Mwaka huohuo Atiman alianza safari ya kuja kwetu. Alitembea na msafara kutoka pwani, akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu.

Aliondoka lini? Hakuondoka. Alikaa Karema akiwa daktari na katekista mpaka alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67! Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende, na mtoto wao Joseph akawa padri. Alimkuta Mjerumani akiingia, akamshuhudia akiondoka, akaja Mwingereza, na yeye yupo palepale anafunga vidonda. Kijana mwenye elimu kama ile angeweza kutafuta mji mkubwa na maisha mazuri. Yeye alikombolewa kwa fedha ya watu asiowajua, naye akawatumikia watu asiowajua. Deni lake hakulirudisha Ulaya. Alililipa Karema.

Lakini tusiisimulie historia hii kama vile wema wote ulishuka kutoka melini. Karema yenyewe ilikuwa ngome. Ilijengwa na Wabelgiji mwaka 1879, na wamisionari walikabidhiwa mwaka 1885. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, alikuwepo Kapteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, akiwalinda wamisionari na watu wao kwa bunduki. Kwa hiyo tukisema watu wale walimtegemea Mungu, tuseme ukweli wote: walimtegemea Mungu huku wameweka walinzi.

Na chakula je? Padri hakuja na shamba mgongoni. Misafara ile ilibebwa na wapagazi Waafrika, na misheni ilipopanda kwenye uwanda wa Ufipa ilikuta watu wanaojua kulima. Wafipa walikuwa na kilimo chao cha ntumba: unalima majani, unayafunika kwa udongo kwenye matuta ya mviringo, yanaoza, ndipo ardhi inapata rutuba ya kuzaa ulezi. Majirani waliitana kulima pamoja, na mwenye shamba akawaandalia pombe ya ulezi. Hakuna aliyelima peke yake. Kabla ya neno "majaliwa ya Mungu" kuhubiriwa kanisani, watu hawa walikwishajua kwamba riziki hupitia mikono ya jirani.

Tena ipo sadaka kubwa zaidi ambayo hatuisemi. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa Askofu Adolphe Lechaptois, mabinti wa huku walianza kuingia utawa, na ndipo likazaliwa shirika la Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Kwa mzazi wa wakati ule, binti kuwa sista maana yake ni hakuna mahari, hakuna mkwe, hakuna wajukuu wa kukutunza uzeeni. Wazazi wengine walipinga kwelikweli, na mimi siwalaumu. Waliokubali walitoa bima yao ya uzee. Hiyo huwezi kuilinganisha na noti ya elfu kumi ndani ya bahasha.

Naomba nieleweke. Mungu anabariki, na anayetoa habaki mtupu, hilo silipingi. Ninachokiona katika historia hii ni kwamba baraka haikurudi kwa aliyetoa. Ilisonga mbele. Mchango wa mtu wa Ulaya ukawa uhuru wa mtoto wa Niger. Uhuru wa mtoto huyo ukawa dawa ya mgonjwa wa Karema. Mabinti walioachiwa na wazazi wao wakawa walimu na wauguzi wa watoto wa watu wengine. Kila mmoja alipokea kutoka kwa mtu mmoja, akampa mwingine.

Kwa hiyo mara nyingine ukiambiwa utoe ili upate, jiulize swali dogo tu: sadaka yangu ikitoka hapa inakwenda kumfungua nani? Kama jibu halipo, basi hiyo siyo sadaka. Hiyo ni bahati nasibu.

Wewe unaonaje? Karibu tujadili.