Mskochi Mwenye Barua na Babu Asiye Nazo

Mhadhiri alitutaka tufuatilie maisha ya mhenga aliyeihama nchi yake, awe wa ukoo wetu au wa ukoo mwingine. Nilimchagua Mskochi, Alexander Mackay. Baba yangu, aliyekulia Uganda kabla ya kuja kuishi hapa Gisimenti, alikuwa akimtaja kila aliponiona nimeharibu kitu nisichojua kukitengeneza.

Mackay alizaliwa mwaka 1849 huko Rhynie, katika jimbo la Aberdeen, mtoto wa mchungaji. Alisomea uhandisi, akafanya kazi Berlin, na mwaka 1876 akaja Afrika Mashariki, mmoja wa wamishonari wanane wa Church Missionary Society. Wawili kati yao waliuawa Ukerewe Desemba 1877, na maradhi yakawapunguza wengine. Yeye alisimamia ukataji wa njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kisha akafika Buganda Novemba 1878. Kabaka Mutesa alikijua Kiswahili, na Mackay alikuwa amejifunza njiani, basi wakaweza kuzungumza kwa lugha hii tunayoisomea. (Wanaosema Kiswahili kililetwa Maziwa Makuu na wanajeshi wa juzi, hapo sijui watajibu nini.)

Sehemu niliyoirudia mara tatu ni ya majeneza. Mama yake Kabaka alipofariki mwaka 1882, Mackay alitakiwa kutengeneza majeneza matatu, moja ndani ya jingine, makubwa kupita kiasi. Mtu aliyevuka bahari ili ahubiri akajikuta anapima mbao na kufua shaba kwa ajili ya maziko ya kifalme. Nadhani ni kwa mikono hiyo, kuliko mahubiri yake, kwamba watu walimkumbuka kama mzungu wa kazi.

Mwaka 1887, wakati wa Mwanga, alilazimika kuondoka Buganda, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa. Malaria ilimuua huko Februari 1890, akiwa na miaka 40. Mabaki yake yalihamishiwa Namirembe mwaka 1927. Hakuoa wala hakurudi Uskoti. Hata hivyo, mwaka ule ule aliofariki, dada yake alichapisha kitabu cha maisha yake kutokana na barua alizokuwa akiandika nyumbani.

Hapo ndipo insha iliponigeukia. Babu yangu mzaa baba alitoka Rwanda akiwa kijana, baada ya machafuko ya mwaka 1959, akaishia kambi ya Nakivale. Naye hakurudi, na kaburi lake liko huko. Mskochi asiyeacha mtoto ninaweza kumfuata karibu mwaka kwa mwaka. Babu aliyetuzaa sote nyumbani hapa sina barua yake hata moja, na baba ameshafariki bila mimi kumwuliza.

Nimempigia simu shangazi. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akasema: “Mwanangu, babu yako alivuka na ng'ombe wawili, akafika na mmoja.” Jina la mahali walipovukia hakulikumbuka kwenye simu. Ameahidi kuja Jumamosi asubuhi, kabla muziki haujaanza hapa Gisimenti. Nimenunua daftari.