Muungano wa NEA na ATA

Muungano wa NEA na ATA ulifanyika mwaka 1966, pale vyama viwili vya kitaifa vya walimu wa Marekani, National Education Association (NEA) na American Teachers Association (ATA), vilipokuwa chama kimoja. NEA ilikuwa kubwa na ya Wazungu kwa sehemu kubwa; ATA ilikuwa ndogo na ya walimu Weusi. Mkataba ulitiwa sahihi mjini Miami Beach, jimbo la Florida, wakati wa mkutano mkuu wa NEA. Katika majimbo ya Kusini kazi ya kuunganisha matawi iliendelea kwa zaidi ya miaka kumi.

Asili ya vyama viwili

NEA ilianzishwa Philadelphia mwaka 1857 kwa jina la National Teachers Association. Kitaifa haikuwafungia Weusi mlango. Tatizo lilikuwa ngazi ya chini: wajumbe wa mkutano mkuu walipatikana kupitia vyama vya majimbo, na vyama vya Kusini vilipokea Wazungu tu. Mwalimu Mweusi wa Alabama aliweza kulipa ada ya NEA, lakini hakuwa na chama cha kumpeleka mkutanoni.

Kwa sababu hiyo walimu Weusi walikuwa na vyama vyao. Mwaka 1904 J. R. E. Lee, mwalimu wa Tuskegee, aliongoza kuanzishwa kwa chama chao cha kitaifa, kilichochukua jina la ATA mwaka 1937. Kwa miaka mingi katibu mtendaji wake alikuwa H. Councill Trenholm, aliyekuwa pia mkuu wa chuo cha Alabama State mjini Montgomery.

Vyama hivyo havikuwa vya mikutano na hotuba tu. Huko Norfolk, jimbo la Virginia, mwalimu Melvin Alston pamoja na chama cha walimu Weusi cha mji huo walishtaki halmashauri ya elimu kwa kuwalipa Weusi mshahara mdogo kuliko Wazungu. Thurgood Marshall alikuwa miongoni mwa mawakili wao. Mwaka 1940 mahakama ya rufaa iliamua kwamba kupanga mishahara kwa rangi ni kinyume cha katiba.

Kukaribiana

NEA na ATA zilikuwa na kamati ya pamoja tangu mwaka 1926, nayo ilishughulikia hali ya shule za Weusi. Mwaka 1947 NEA ilikubali kwamba vyama vya Weusi vya majimbo vilete wajumbe wao wenyewe. Weusi walipata sauti, lakini sasa jimbo moja lilikuwa na vyama viwili vinavyotambuliwa na NEA, kwa maana nyingine utengano ulipewa kiti mkutanoni.

Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu ya Brown, iliyotangaza kwamba kutenga wanafunzi wa shule za umma kwa rangi ni kinyume cha katiba. NEA ilichelewa kuifuata katika matawi yake. Hatua ya nguvu ilikuja mwaka 1964, mkutano wa Seattle ulipoviagiza vyama vyote vya majimbo kuondoa masharti ya rangi na kupanga muungano kabla ya tarehe 1 Julai 1966.

Hofu ya kumezwa

Walimu Weusi waliutaka usawa, lakini wengi wao waliuogopa muungano, na hawakuogopa bure. Shule za Kusini zilipounganishwa, zilizofungwa mara nyingi zilikuwa za Weusi. Walimu wakuu wao walishushwa kuwa wasaidizi au wakaachishwa kazi. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba waelimishaji Weusi wapatao 38,000 katika majimbo 17 walipoteza kazi kati ya 1954 na 1965. Kama shule ziliunganishwa hivyo, vyama je? Nani angekuwa katibu? Watumishi wa chama kidogo, majengo yake na akiba yake vingekwenda wapi? Na kwa kura za wengi, Mweusi angechaguliwa lini?

Horace Tate, katibu mtendaji wa chama cha walimu Weusi cha Georgia, alikuwa miongoni mwa waliodai kwamba muungano uwe wa pande mbili zenye haki sawa, si wa mmoja kuingia ndani ya mwenzake.

Utekelezaji katika majimbo

South Carolina iliunganisha vyama vyake mwaka 1968. Mwaka huohuo Elizabeth Duncan Koontz, mwalimu kutoka Salisbury, North Carolina, alikuwa rais wa kwanza Mweusi wa NEA. Georgia na North Carolina zilifuata mwaka 1970.

Mississippi na Louisiana ndizo zilizosumbua. Chama cha Wazungu cha Mississippi kilikataa masharti na kikafukuzwa NEA mwaka 1970; vyama viwili vya jimbo hilo viliungana mwaka 1976. Louisiana ilikuja mwisho kabisa, miaka ya 1970 ikielekea ukingoni.

NEA iliendeleza desturi ya ATA ya kuwatunuku watetezi wa haki za binadamu, na tuzo mojawapo ilipewa jina la Trenholm. Huko Georgia, Tate alishika ukatibu mtendaji wa chama kilichoungana mwaka 1977, miaka saba baada ya muungano.